Begi Lako Bado Liko Rungwe Mpya

Wifi yangu,

Juzi fundi wa bati alikuja kubadilisha paa la nyumba ya mama, ikabidi tutoe vitu vyote uani. Akakuta begi lako. Akaliinua, akalipima uzito kwa mkono kama mtu anayepima jogoo sokoni, akaniuliza ni la nani. Nikamwambia ni la mgeni. Akauliza mgeni yuko wapi. Nikamwambia hajaondoka bado. Fundi mwenyewe ni mtu wa Tabora, akanitazama akadhani labda jua limenipiga, akarudi kwenye misumari yake.

Ndiyo maana nakuandikia. Anwani yako sina, na sijui kama barua hii itapata wa kuipeleka. Ila mama alinituma ujumbe kwako, nami sikuwahi kuufikisha. Nitaufikisha humu humu, mwishoni. Kwanza nataka tuizungumze ile siku yetu ya ziwani, kwa sababu kuna jambo nililifanya pale Kibirizi ambalo sijawahi kukueleza, na mtu wa kwanza kuelezwa ni wewe.

Sitaandika kwa machozi. Unanijua, mimi msibani ndiye wa kutazama kama maji ya chai yamechemka.

Ilikuwa mwanzoni mwa ile miaka ya tisini, kabla makambi ya wakimbizi hayajajaa. Kaka alikuwa ameshafariki mwaka na miezi kadhaa, kwa ile malaria iliyompanda kichwani. Hamkujaliwa mtoto. Shangazi yako, aliyekuvusha mpaka kutoka Burundi ukiwa mgongoni mwake akakulea hapa hapa kijijini kwetu Rungwe Mpya, naye alikuwa ametangulia. Kisha ikaja barua kutoka Burundi, imepita mikono ya watu sijui wangapi, ikisema mama yako mzazi yu hai, yuko Rumonge kando ya ziwa, na kwamba huko kumetulia, watu wanarudi. Uliisoma mara moja, ukaikunja, ukaenda kupalilia. Baada ya wiki ukasema utakwenda.

Nilitaka ubaki. Naliandika hilo mapema ili usihangaike kulitafuta huko mbele. Tulikuwa tumelima shamba moja miaka minane, mimi na wewe, mstari wako na mstari wangu, na nilikuwa nimezoea kusikia jembe lako upande wa kushoto. Sikujua namna ya kumwambia mjane mwenye mama yake hai asiende kumwona mama yake. Nikasema nitakusindikiza mpaka ziwani, nikidhani njia ni ndefu na maneno yatapatikana.

Mama naye alikuwa na lake. Usiku wa kuamkia safari aliniita jikoni, akaniambia, "Yule aende salama, sina ugomvi naye. Lakini koti la mwanangu lirudi." Unalijua koti lenyewe. Lile la kijivu la mtumba, alilolivaa kaka siku mliyofunga ndoa, lenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko nilichokitia mimi kwa sababu kitambaa cha kijivu kilikosekana duka zima. Mama alisema ndilo pekee lililobaki na harufu ya mwanawe. Nikaitikia. Kwa hiyo nilitoka nyumbani nikiwa na kazi mbili, moja ya mama na moja yangu, na wewe ulidhani nimekuja kutembea tu.

Au labda hukudhani hivyo. Pale mlangoni niliponyoosha mkono nikuchukulie begi, ulisita kidogo. Kwetu mgeni haondoki akiwa amebeba mzigo wake. Anayemsindikiza ndiye anayeubeba, na pale anapomkabidhi, iwe kwenye kijito au kwenye njia panda, ndipo watu wanapoagana. Ukishamkabidhi mnageuka, kila mtu na njia yake. Usipomkabidhi, hajaondoka. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Ukaniachia begi, ukasema taratibu, "Leo ndiyo mmenifanya mgeni."

Nilijifanya kurekebisha mkanda.

Tulipanda basi la alfajiri pale Kasulu. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, ya kutoa moshi mdomoni, na wewe ulikuwa umelivaa koti la kaka juu ya kitenge chako kipya. Nikajiambia vizuri, likiwa mwilini litavuliwa, joto la chini litanisaidia. Barabara ya siku zile ilikuwa na mashimo ya kutosha kumtafakarisha mtu. Tulipoanza kuteremka na hewa ikawa nzito, abiria wote wakaanza kuvua masweta yao na kuyaweka mapajani. Wewe ulifungua kifungo kimoja.

Kigoma tulifika saa nne, na boti ya kwenda kwenu ilikuwa iondoke alasiri. Nilitaka tukae kwenye kivuli cha stesheni tungoje. Ukakataa. "Tutembee, wifi. Tutembee kama watu wenye nafasi." Nikakuuliza nafasi hiyo umeitoa wapi. Ukasema umeiazima kwa siku moja.

Basi tukatembea. Tulishuka mpaka chini ufukoni, tukapita nje ya uzio wa bandari, tukaitazama ile meli kuukuu iliyofungwa pale na watu wakishusha magunia kwa zamu. Mbele kidogo tukakuta gati dogo la mbao lililoingia majini. Mbao zake zilikuwa zimeachana, maji yanaonekana chini, na wewe uliupima kila ubao kwa kidole cha mguu kabla ya kuukanyaga. Mimi nilikufuata na begi. Ulipofika mwisho ulisimama ukaitazama milima ya ng'ambo. Nikakuuliza kama kule ndiko kwenu.

"Oya," ukasema, hapana yenu ya Kirundi. "Kule ni Kongo. Kwetu ni huku, kufuata ufuko." Ukaelekeza kaskazini kwa kidevu.

Hapo nilikuwa nimelipanga neno langu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Maji ni mengi." Ukakubali kwamba ni mengi. Huo ndio ulikuwa mkutano wetu wa kwanza juu ya jambo lile, na ulifungwa hivyo.

Tukapanda pikapu mpaka Ujiji. Ulitaka kuona mji wenyewe, kwa sababu shangazi yako alikuwa akiutaja kila alipopika kwa mawese. Tulipita vichochoro vya mchanga, nyumba za zamani zenye baraza, akina mama wameketi na chupa zao za mawese mekundu wakizungumza na wapita njia bila kuwanyanyukia. Ulisimama mlango hadi mlango ukiwasalimia kana kwamba umewahi kuishi pale. Nilikuonea wivu kidogo. Mimi ugenini naangalia viatu vyangu.

Ufukoni mafundi walikuwa wakiunda boti. Mmoja, mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua, alikuwa akitia kalafati, anasokota pamba iliyolowa mawese na kuishindilia kwa patasi kwenye nafasi kati ya mbao. Ulichuchumaa ukamtazama kwa muda mrefu. Ukamuuliza inadumu vipi. Akakujibu bila kuacha kazi, "Inadumu mpaka ikichoka, halafu unatia nyingine." Kisha akalitazama koti lako. "Nyie mnatoka juu, Kasulu huko. Watu wa juu ndio mnakuja na makoti. Kila wiki nawaona. Wanalibeba mkononi siku nzima, jioni wanalisahau kwa mama lishe."

Ulicheka. Mimi nilitamani usahau.

Kwa mama lishe hukulivua. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga, na jasho lilikuwa likikutiririka kwenye shingo mpaka mama lishe mwenyewe akakuletea kipande cha boksi ujipepee. Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Nikasema kwa sauti ya kutojali, "Vua basi hilo koti nikushikie."

Uliendelea kuchambua mwiba wa samaki. Ulipomaliza ukanitazama. "Begi umeshalishika, wifi. Koti niachie."

Hukusema kwa hasira, na ndiyo maana niliona aibu. Ulikuwa unajua. Sijui kama ulimsikia mama usiku ule, ama uliona macho yangu yakifuata kile kiwiko tangu Kasulu.

Lakini mimi nami ni kichwa ngumu. Tulipokwenda kukaa kwenye gogo karibu na maji, niliona kiraka kimeanza kufumuka pembeni. Kweli kilikuwa kimefumuka, hilo sikulitunga. Nilikuwa na sindano yenye uzi kwenye pindo la khanga, unajua sitembei bila sindano. Nikasema, "Nipe nikishone, utafikaje kwa mama yako na kiwiko kinachocheka?" Nilifikiri likishafika mapajani mwangu nitajua la kufanya.

Ukaninyooshea mkono. Hukuvua. Ulikiweka kiwiko juu ya goti langu, na mimi nikashona hivyo hivyo, koti likiwa mwilini mwako, polepole nisikuchome. Nilichukua muda mrefu kuliko kiraka kilivyohitaji. Watoto walikuwa wakioga, na boti moja ya kuvua ilikuwa ikipigwa maji kutolewa magamba. Ulikuwa unanuka moshi wa jikoni kwetu. Nikavuta pumzi kuitafuta ile harufu ya kaka ambayo mama alikuwa akiizungumzia, sikuipata. Lilikuwa koti lako kabisa, lina jasho lako.

Nikakata uzi kwa meno. Ukanishukuru kwa Kirundi, "Urakoze," ukaunyoosha mkono ukautazama. Hapo ndipo mara ya pili nilipotaka kukuambia. Ukaniwahi, ukauliza jua limefika wapi, nami nikatazama juu nikakujibu.

Kibirizi, kunakoondokea boti, tulifika mapema kuliko nilivyotaka. Ufuko mzima ulikuwa umeanikwa dagaa, unatembea kwenye njia nyembamba kati yao. Boti ilikuwa imeshaegeshwa, ubao umetandazwa kutoka mchangani, na kijana wa boti anaita watu wa Kagunga, watu wa Nyanza, watu wa Rumonge. Tulisimama. Ulinipa salamu za kumpelekea mama, moja moja, na ukasema maharage ya upande wako nisiyachelewe kuvuna. Kisha wakaanza kusukumana, na wewe ukasema, "Ngoja nikashike nafasi, halafu unipe begi tuagane." Ukapanda ubao, ukiwa umelikunja pindo la koti lisilowe.

Sasa nakwambia nililolifanya.

Nilirudi nyuma. Hatua chache tu, nikajiweka nyuma ya akina mama wenye mabeseni. Nilikuwa nimeshika begi kwa mikono miwili tumboni. Nilikuona umepata mahali pembeni, umeketi, unanitafuta kwa macho ufukoni, huna wasiwasi wowote, maana mtu wa kwetu hawezi kuondoka na begi la mgeni. Nami nikawaza kwamba nikilitoa ndiyo basi, imekwisha. Nisipolitoa bado hujaondoka. Niliwaza hivyo kama mtoto. Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba ukilikosa utashuka kulifuata, boti itakuacha, na mimi sitakuwa nimesema neno lolote.

Mbeba mizigo mmoja aliyekuwa majini mpaka kiunoni alinijia. Akanyoosha mikono akaniuliza, "Mama, hilo ni la botini?"

Nikamwambia, "Hapana. Ni langu."

Akaenda kwa mwingine. Wakauvuta ubao, mmoja akaisukuma boti kwa mti, mashine ikakohoa mara mbili ikawaka. Ulisimama. Nadhani ulimwambia kitu nahodha, akakutikisia kichwa. Ndipo ukaniona, maana akina mama walikuwa wameondoka na mabeseni yao nami nimebaki peke yangu kwenye mchanga na begi lako. Sikujificha tena. Nililiinua kidogo, sijui kwa nini, labda uone kwamba liko salama.

Ukanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vimeshikana, kama tunavyofanya tukipokea kitu kwa mkubwa. Hivyo hivyo, na maji yakizidi kuwa mengi kati yetu. Miaka yote hii sijajua kama ulikuwa unalidai begi, au ulikuwa umelipokea. Hukuonekana kukasirika. Ingekuwa heri ungekasirika.

Nilirudi nyumbani kesho yake. Mama alikuwa mlangoni. Akalitazama begi, akanitazama mimi, akasema, "Nilikutuma koti, umeniletea begi." Nikamweleza yote, hata ule uongo niliomwambia mbeba mizigo. Nilitegemea anigombeze. Akaniambia nilipeleke chumbani kwenu, juu ya kitanda. Nikamuuliza kama tulifungue tuone usije ukawa umeacha karatasi muhimu. Akasema begi la mgeni halifunguliwi na mwenye nyumba. Neno mgeni lilimshinda kidogo kulitamka, akalirudia.

Miezi haikuwa mingi redio ikaanza kutangaza mambo ya kwenu. Wewe unayajua kuliko mimi, sina la kukusimulia. Watu wakaanza kuja, kwa mamia, halafu hata kuhesabu kukakoma. Mama alilitoa begi chumbani akaliweka sebuleni karibu na mlango. Hakueleza. Nadhani alitaka ukifika usihangaike kulitafuta.

Mimi nililibeba nikazunguka nalo makambini, ya Kasulu na ya Kibondo, mpaka njia za Busunzu nikazijua. Nilikuwa nikiuliza watu wa Rumonge. Nilikueleza kwa koti, la kijivu, la kiume, kiraka cha kahawia kiwiko cha kulia. Watu walinionea huruma. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, Rumonge ni joto. Mtu wa Rumonge hana koti." Nikamwambia huyu anatoka juu.

Mara moja tu nilipata kitu. Mwanamke aliyekuwa akipanga foleni ya maji alisema aliwahi kumwona sokoni Rumonge mama mmoja akiuza mawese, amevaa koti la mwanamume jua likiwaka, watu wakimwita Mama Koti naye anaitika. Nikamuuliza lini, kabla ya vita au baadaye. Akafikiri sana. Akasema hakumbuki, siku zote zimechanganyika. Ndoo yake ikafika bombani, akaenda. Nilikaa chini pale pale kwenye foleni, na mara hiyo nililia. Ilikuwa mara moja, nami nimeshaitaja.

Sijui kama uko hai. Nimeishi na kutojua huko muda mrefu, nimezoea kama watu wanavyozoea goti bovu. Siku hizi nashona sokoni Kasulu, nina cherehani mbili na mume mpole anayekoroma. Shamba letu nimelipunguza. Upande wako nilipanda mihogo kwa sababu mihogo haihitaji mtu wa kuzungumza naye. Nikifikiria ile siku, nafikiria zaidi kwamba ulifika kwa mama yako, mtu ambaye hakukuona tangu ukiwa wa kubebwa, bila hata nguo ya kubadilisha, na aliyekufanyia hivyo ni mimi niliyesema nakupenda. Hata hilo sikulisema. Nilisema maji ni mengi.

Neno lenyewe nililokuwa nalo siku nzima lilikuwa moja, wifi. Baki. Ungelikataa, najua. Ungesema oya, ungenishika bega, ningekupa begi lako kwa mikono miwili tukaagana kama watu. Nilikunyima begi kwa kuogopa neno la silabi mbili.

Sasa ujumbe wa mama. Alifariki kiangazi kilichopita, nyumbani, akili yake ikiwa safi. Siku ya mwisho aliyozungumza alinituma kufungua dirisha, kisha akasema, "Ukimpata, mwambie koti ni lake. Nilikosea kulidai. Alikuwa mke wake." Akapumzika, akaongeza, "Na lile begi ulirudishe chumbani. Mlangoni panawekwa la mgeni."

Nimelirudisha. Paa jipya limekamilika, chumba chenu hakivuji tena. Begi liko juu ya kitanda, zipu imeshika kutu, kila kiangazi nalitoa juani na sijawahi kulifungua. Ukija, usibebe kitu. Hakuna atakayesimama mlangoni kukupokea mzigo. Utaingia moja kwa moja, mikono mitupu, kama mtu aliyetoka mara moja kuanika nguo.

Ni mimi wifi yako,
ninayekaa upande wa kulia wa shamba.